TAHADHARI: Projekta "inayosapoti 4K", mimi nimeshapigwa

Ndugu zangu mnaodunduliza mpate sinema ya nyumbani na kucheza gemu ukutani, someni hapa kabla hamjatuma hela.

Konsoli nilikuwa nayo, spika mbili za zamani zipo, na ukuta mweupe upo. Ilibaki projekta. Nikampata muuzaji mtandaoni mwenye lugha tamu, tangazo limeandikwa "4K, lumeni 9,800", yaani picha kali sana na mwanga mwingi (lumeni ni kipimo cha mwanga). Jina lake silitaji. Ukurasa wenyewe ameshaufuta, na nadhani kafungua mwingine. Shikeni mbinu yake.

Nilimuuliza waziwazi, hii ni 4K kweli? Akajibu, "Inasapoti 4K kaka, ondoa shaka." Mtego uko kwenye hilo neno "inasapoti". Maana yake projekta inapokea picha ya 4K kwenye waya wa HDMI, halafu inaipunguza mpaka itoshee kioo chake cha ndani. Kioo cha hii yangu kina pikseli (vidoti vya picha) 800 kwa 480. 4K ni 3840 kwa 2160. Yaani pikseli 384,000 dhidi ya zaidi ya milioni 8! Na konsoli nayo inadanganyika: nilifungua mipangilio ikaniandikia 2160p, yaani 4K, nikatulia nikijua nimepata chombo.

Nilishtuka nilipoanza kucheza. Namba ya risasi kule chini pembeni, 3 na 8 hazitofautiani. Nikadhani ni fokasi, nikazungusha kigurudumu mpaka kidole kikauma. Katikati pakikaa sawa, pembeni kunaingia ukungu. Kwenye filamu unaweza kujifariji, maana sura ya mtu ni kubwa. Gemu lina maandishi madogo, halikufichii kitu.

Mwanga ndio usiseme. Mapazia nimefunga, bado cheusi kinaonekana kijivu. Ile 9,800 ni ya kupamba boksi tu. Ulizeni lumeni za ANSI, zinazopimwa sehemu 9 za picha kisha ukatolewa wastani. Mimi nilipouliza nilijibiwa kwa kikatuni cha kucheka. (Wauza spika za "wati 5,000 PMPO", namba ya kupamba, ni ukoo huohuo. Waulize RMS, yaani nguvu ambayo spika inaihimili muda wote, uone watakavyobadili mada.)

Nikarudi kulitazama tangazo. Chumba kina jua dirishani, picha ukutani inang'aa kama runinga, na ukingo wake umepita juu ya pazia bila kufuata mikunjo. Imebandikwa kwa kompyuta! Ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote, ila nilikuwa nimeshapenda.

Kurudisha ndiyo ikawa hadithi. Kwanza "badilisha mipangilio kaka". Halafu "tafuta waya mwingine wa HDMI", na mimi mjinga nikanunua. Halafu "boksi umeshalifungua". Kisha bloku.

Kwa hiyo muuzaji akuandikie rezolusheni halisi ya kioo (idadi ya pikseli zake), siyo inayosapotiwa. Akupigie video hapohapo, projekta ikionyesha ukurasa wenye maandishi madogo, taa ya chumba ikiwa imewashwa. Akianza visingizio, muache. Na kama bajeti ni ndogo, projekta iliyotumika ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) ya kweli ni bora kuliko mpya ya uongo.

Yangu sasa inaonyesha katuni za watoto. Gemu nimelirudisha kwenye runinga ya zamani ya inchi 32, na risasi zangu nazihesabu vizuri tu.