Kipima mvuke cha mkononi: sensa nzuri, taa ya kijani inapotosha

Nimekivaa kipima hiki kila zamu kwa miezi minne, katika chumba tunachooshea rola za mashine za kuchapa. Wino tunaufuta kwa matambara yaliyolowa tolueni, kiyeyushio chenye mvuke unaodhuru. Kwa kazi ya kuonyesha mvuke unatokea wapi, nakisifu bila kusita: ukifungua ndoo, namba zinapanda ndani ya sekunde chache, ukiifunika, zinashuka. Ndivyo tulivyogundua kwamba pipa la matambara machafu, lililoachwa wazi pale konani, lilikuwa likitoa mvuke mwingi kuliko beseni lenyewe. Betri inamaliza zamu, na kibanio hakiachii kola.

Kinachonisumbua ni taa. Kilipotoka kwenye boksi, kikomo cha tolueni kilikuwa kimewekwa sehemu 200 kwa milioni. Chini ya hapo taa ni ya kijani na kioo kinaandika "salama". Hiyo 200 ni kikomo cha kisheria cha OSHA ya Marekani, mamlaka ya usalama kazini, kwa wastani wa saa 8, na asili yake ni viwango vya miaka ya 1960. NIOSH, taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani hiyohiyo, inapendekeza 100. ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini, kimeshuka hadi 20. Mvuke ni uleule na mapafu ni yaleyale, ila mmoja anaruhusu mara kumi ya mwingine.

Vikomo hivi havichotwi kisimani. Wataalamu huanza na kiasi ambacho hakikuonekana kudhuru wanyama au watu waliochunguzwa, kisha hukigawanya kwa ajili ya yale wasiyoyajua. Kwa desturi hugawanya kwa 10 kwa kuwa panya si mtu, na kwa 10 nyingine kwa kuwa watu hawafanani. Vikomo vya kazini mara nyingi hugawanywa kwa namba ndogo zaidi, kwa hoja kwamba wafanyakazi ni watu wazima wenye afya. Hoja hiyo siikubali. Chumbani kwetu mmoja ana pumu, mwingine ana mimba ya miezi mitano, na wote wawili wanaangalia taa ileile.

Kuna na mashaka ya kifaa chenyewe. Kiwandani sensa ilirekebishwa isome kwa kipimo cha gesi nyingine, isobutileni, kwa hiyo usipokiambia kwamba unapima tolueni, kinaonyesha karibu mara mbili ya mvuke uliopo. Kosa hilo angalau linaelemea upande wa usalama. La kuogopesha ni kwamba hakiwezi kutenganisha tolueni na benzeni, kemikali inayosababisha saratani, ambayo kikomo chake cha OSHA ni 1. Kiyeyushio kikiwa na benzeni kidogo ndani yake, kipima kitaihesabu kama tolueni na taa itabaki kijani. Mwongozo unaligusa jambo hili kwa sentensi moja tu, kurasa za mwisho. Sisi tumepeleka sampuli maabara.

Linganisha na EN 689, kiwango cha Ulaya cha kupima hewa wanayovuta wafanyakazi: ukiwa na sampuli 3 tu za zamu, zote zinatakiwa ziwe chini ya sehemu ya kumi ya kikomo ndipo useme mambo ni sawa. Kifaa hiki kinasema "salama" kwa 199.

Nilipowapigia wauzaji kuuliza namna ya kubadilisha kikomo, waliniambia niache kilivyokuja. Sikuacha. Menyu ipo, imefichwa nyuma ya nywila, na inachukua dakika kumi ukiwa na subira. Najua 20 ni wastani wa saa 8, si kilele cha dakika moja, lakini king'ora nimekiweka 10 makusudi ili kituonye mapema, na neno "salama" nimelizima kabisa.

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Zote ni za sensa. Siku ya kwanza baada ya mabadiliko kililia mara 3 kabla ya mapumziko, kila mara mtu alipokuwa akikamua tambara juu ya beseni. Namba kubwa kuliko zote ilikuwa 64.