Hiace ya kulala: mwaka mmoja ufukweni, vilivyonifaa na vilivyokula hela

Gari langu ni Hiace iliyostaafu udaladala. Niling'oa viti vyote isipokuwa vya mbele, fundi wa kuchomelea akanitengenezea kitanda cha chuma chenye nafasi ya mizigo chini, juu nikatupia godoro la inchi 6. Mwaka sasa, mimi na mama watoto tukipata nafasi tunatoka Mwanza Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, tukilala kando ya Ziwa Victoria: Kayenze, Magu, Lamadi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 tunavuka hadi Sengerema pia, maana enzi za kivuko foleni ilikuwa inakula jioni yote.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua vifaa kwa kufuata video za Wamarekani. Wenzetu wengi wanalala kwenye kambi ambako kila gari lina bomba lake la maji na soketi yake ya umeme. Huku unaegesha chini ya mwembe wa mtu, baada ya kumwamkia mwenye eneo na kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mpira wa maji wa mita 15 sijaufungua mpaka leo. Dumu mbili za lita 20 zenye koki zinatosha. Na vile vipande vya plastiki vya kusawazishia magurudumu, hapo nilijicheka mwenyewe. Mtu wa Mwanza ananunua kitu cha kuwekea tairi, na mawe yamejaa mpaka uani kwake!

Friji nimenunua mbili. Ya kwanza ni lile sanduku la bei nafuu linalochomekwa kwenye tundu la kuchajia simu garini. Halina kompresa, na likijitahidi sana linashusha joto kama nyuzi 20 chini ya hewa iliyopo. Lamadi, saa nane mchana, gari likiwa limefungwa, ndani ni nyuzi 35. Piga hesabu: samaki wako, sato uliyemnunua mwaloni kwa wavuvi asubuhi, analala kwenye nyuzi 15. Tulimtupa. Na sanduku lenyewe halizimi hata dakika moja, linanyonya betri mchana na usiku.

Ya pili ni ya kompresa, volti 12, lita 40. Ilinigharimu karibu laki nane na sijutii hata shilingi, ingawa wiki ya kwanza nusura niirudishe dukani. Ilikuwa inawaka dakika tano, inazima na kudai betri imeisha, wakati betri imejaa. Tatizo halikuwa friji. Fundi wangu alikuwa amevuta waya mwembamba, ule wa taa za nyumbani, kutoka mbele hadi nyuma. Kwenye volti 12 waya mwembamba unapoteza umeme njiani, friji inaona volti pungufu na inajizima kuilinda betri. Tuliweka waya wa milimita za mraba 6, na fyuzi karibu kabisa na betri. Tangu siku hiyo samaki wa Ijumaa tunamkaanga Jumapili. Kama una hela ya kitu kimoja tu, chukua hii, ila usibane kwenye waya.

Betri ni ya pekee yake, 100Ah (ampia 100 kwa saa moja), haigusani na ile ya kuwashia gari. Kwa karatasi ni wati 1,200 kwa saa moja, lakini betri ya maji ukiikamua zaidi ya nusu unaiua mapema. Ndiyo maana birika la umeme na inveta yake, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, vimebaki nyumbani. Birika la wati 1,500 linavuta zaidi ya ampia 125 kwa mpigo, yaani chai ya watu wawili kwa bei ya betri. Sola nayo nilikosea mara moja: nilibandika paneli laini ya kujikunja juu ya bati, hewa haipiti chini yake, ikachemka na kuanza kutoa malengelenge kabla ya miezi sita. Sasa nina ya kioo, wati 150, imeinuliwa kidogo juu ya keria. Nzito, lakini haijanisumbua.

Sasa wadudu. Anayelifahamu ziwa hili anajua nazungumzia nini: wingu linanyanyuka majini kama moshi wa kuchoma majani, upepo unalileta kwako, na ndani ya robo saa hujui kama unakula wali au wadudu. Hawaumi, lakini wanaingia puani, kwenye sufuria, kwenye shuka. Usiku wetu wa kwanza Lamadi niliwasha taa nyeupe ya LED niliyokuwa nikijivunia, ya wati 20. Nilifagia wadudu kwa dustpani. Asubuhi mzee wa pale akapita, akatuamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," tukaitika, akaangalia lile rundo kando ya gurudumu, akasema, "Mwezi ukiandama, kijana wangu, zima taa. Waachie wavuvi wa dagaa." Na kweli, ziwa lote usiku ule lilikuwa limejaa taa za dagaa.

Kilichonisaidia ni vitu vitatu vya bei ndogo. Ndani nimeweka taa ya rangi ya njano iliyofifia, haiwavuti sana. Ile nyeupe naitundika hatua 30 kutoka kwenye gari, waende huko wakafanye sherehe yao. Madirishani, neti za sumaku nilizoagiza zilizuia mbu vizuri lakini wale wadogo walipenya, kwa hiyo mama watoto alishona kitambaa cha shela juu yake. Shela inapunguza hewa, ndipo inapoingia feni ya volti 12, zile wanazofunga madereva wa malori. Elfu thelathini na tano. Bila hiyo tungeshaachana na haya mambo.

Kifaa kibaya kuliko vyote ni bafu la pampu, lile la kutumbukiza mpira ziwani na kuoga papo hapo. Linafanya kazi vizuri sana, na hapo ndipo ubaya wake. Maji ya pembeni yenye magugu na konokono ndiyo yenye kichocho, na pampu haichuji kitu. Tunaoga kwa maji ya dumu kutoka nyumbani. Anayelazimika kutumia ya ziwani ayachote bila konokono, ayaache yatulie siku mbili. Na usiegeshe pale nyasi zilipokatwa fupi kama uwanja wa mpira: hapo viboko ndipo wanapolisha usiku.

Kupika: mtungi wa kilo 6 na jiko lake juu, pamoja na kipande cha bati cha kukinga upepo. Vikopo vya gesi vya kambi nilivizungukia mjini nikavikosa. Mtungi unalala nje, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatulia sakafuni, pale pale chini ya kitanda. Jiko la mkaa ndani ya gari kwa ajili ya kuota moto, hata mvua inyeshe vipi, hapana.

Turubai la kivuli bado linanishinda. Mchana upepo unatoka ziwani, ukilifungua upande huo linageuka tanga. La kwanza lilivunjika mkono Kayenze. Siku hizi naelekeza pua ya gari majini na turubai linabaki ubavuni. Lakini mvua ya alfajiri inajaza maji katikati, linalegea, na yote yanamwagikia mlango wa kuteleza, juu ya viatu. Fundi anasema tuongeze bomba la kuliinua katikati. Jumatatu nampelekea gari.