Laptopu ya gemu inachemka: ununue nini kwanza hapa Unguja na Pemba

Ukiulizia Darajani au Mlandege dawa ya laptopu inayochemka, muuzaji atakutolea feni yenye taa za buluu na nyekundu. Ndiyo inayopendeza machoni na ndiyo inayotoka haraka. Kwenye orodha yangu iko karibu na mkia.

Hakuna feni, ya ndani wala ya nje, inayoweza kuipoza laptopu ikawa baridi kuliko hewa ya chumba ilimo. Wanaozipima mashine hizi Ulaya na Marekani hukaa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Kaskazi ikishika, chumba cha bati Kwahani au Jang'ombe kinavuka nyuzi 32 mchana bila taabu. Chumba kikizidi nyuzi 10, prosesa nayo huzidi takriban hizo hizo. Kwa hiyo mashine iliyosifiwa mtandaoni kwa kukaa kwenye 85, kwetu inagonga 95, na hapo prosesa nyingi za AMD hujipunguzia mwendo zenyewe. Nyingi za Intel huvumilia mpaka 100. Gemu likianza kukwamakwama baada ya dakika ishirini, kumbe mashine inajiokoa.

Kabla hujatoa hata shilingi, pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine. Ni ya bure. Cheza nusu saa, kisha tazama joto la juu kabisa lililofikiwa. Halafu, kwenye mipangilio ya gemu, funga fremu (picha kwa sekunde) zisizidi 60, na kwenye mipangilio ya umeme ya Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Hiyo moja tu huzuia prosesa kukimbia mbio za ziada, na gemu nyingi hutaona tofauti. Pima tena. Kama bado inachemka, sasa tuongee ununuzi.

Nafasi ya kwanza: kufunguliwa, kusafishwa na kupakwa pesti mpya, ule uji unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba ya kupozea. Laptopu ikishapita mwaka bila kufunguliwa, usinunue kitu kingine kabla ya hiki. Vumbi letu halipeperuki kirahisi, maana unyevu na chumvi ya bahari huligandisha, na ukiwa na paka ndani ndiyo basi tena. Fundi akitoa feni utaona kati yake na zile mbavu nyembamba za shaba pameziba utando wa kijivu, unang'oka mzima kama kipande cha kitambaa. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Kupuliza kwa nje kupitia matundu hakuutoi, unausogeza tu.

Mtazame fundi anavyofanya kazi. Anayejua hupanga skrubu kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu urefu wake si mmoja, huchomoa betri kabla ya lolote, na huishika feni isizunguke anapopuliza. Pesti kuukuu iliyokauka kama chokaa huifuta kwa spiriti safi, si kwa maji wala kwa kucha. Na pesti nenda nayo mwenyewe. Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 zinatosha, na sindano moja inafaa zaidi ya mara moja. Ukiweza kuagiza, karatasi ya Honeywell PTM7950 ni bora zaidi kwa laptopu, kwa sababu pesti ya kawaida husukumwa pembeni kidogo kidogo kila mashine inapopata moto na kupoa, wakati karatasi hii hulainika kwenye nyuzi 45 hivi na kubaki palepale. Kwa joto la hapa itakufikia imelegea. Iache ndani ya pakiti yake, iweke frijini dakika chache, ndipo uibandue.

Ukiishi karibu na bahari, Nungwi au Fumba, usisubiri mwaka upite.

Ya pili: stendi ya chuma isiyo na feni. Haina mengi ya kusemwa. Inainua nyuma, matundu ya chini yanavuta hewa. Juu ya godoro au jamvi matundu hayo yanaziba kabisa. Hata vipande viwili vya ubao vinafanya kazi hiyo.

Ya tatu: feni kubwa yenye sponji ya kuziba, kama IETS GT600 au zile za Llano. Sponji inaikumbatia laptopu kwa chini, kwa hiyo upepo wote unaingizwa ndani badala ya kutawanyika. Hizi kweli zinashusha joto, na zina chujio la vumbi. Kasoro zake ni tatu: bei, kelele za kuamsha nyumba nzima, na adapta yake inayotaka soketi yake. Umeme wa ZECO ukikatika, feni inazima huku sponji bado imeziba pembeni, na laptopu inabaki ikitafuta hewa. Inyanyue mara moja. Kwa aliyeko Wete au Chake Chake, ambako mara nyingi utaagiza, hakikisha kwanza matundu ya mashine yako yako chini. Kama yako pembeni au juu ya kibodi, pesa yako imepotea.

Ya nne: kiyoyozi. Kwa matokeo ndicho mshindi: ukitoa chumba nyuzi 32 kwenda 25, laptopu nayo inashuka karibu saba. Lakini kuwasha kiyoyozi ili kupoza laptopu tu ni kuichosha Tukuza, umeme wako wa kulipia kabla. Kama kipo tayari, chezea humo.

Ya tano: feni ya taa za rangi. Inakula umeme wa yuesibii, ambao ni mdogo, na upepo wake unagonga plastiki ya chini na kutoroka pembeni. Itakupa nyuzi chache. Kama stendi si mbaya.

Ya sita: kinyonyaji kinachobanwa kwenye tundu la kutolea hewa. Mara nyingi hakikai sawa na kinapiga mluzi.

Vitu viwili usivinunue kabisa. Metali ya majimaji, inayouzwa ipakwe badala ya pesti, inapitisha umeme na ina galiamu inayokula alumini, na tone moja likimwagika kwenye bodi huna mashine. Cha pili ni sahani za baridi kama zile za simu, pamoja na mifuko ya barafu. Kwenye unyevu wa Unguja kitu chochote baridi hutoka jasho, na jasho hilo litadondokea kwenye saketi.

Na kama padi ya kipanya imenyanyuka au kifuniko cha chini hakikai sawa, acha orodha hii yote. Hiyo ni betri iliyovimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi, na pesa ulizokusudia kununulia feni zinunulie betri.