Tathmini ya Darasa la Wazi Kisumu: Umeme wa Jua kwa Mwale wa Maikrowevu
Darasa la wazi la sayansi linalofanyika Jumamosi alasiri hapa Kisumu lilishughulikia safari hii setilaiti za umeme wa jua, yaani wazo alilolitoa Peter Glaser mwaka 1968 la kuvuna jua kilomita 36,000 juu ya ikweta na kuteremsha nishati hiyo kwa mwale wa maikrowevu. Ninalipendekeza kwa dhati, hasa kwa walimu wa fizikia.

Udhibiti wa mwale ulielezwa kwa ustadi mkubwa. Mkufunzi aligonga maji ya beseni kwa vijiti viwili kwa mpigo mmoja, tukaona viwimbi vikiimarishana upande huu na kufutana upande ule. Alipochelewesha kijiti kimoja kidogo tu, mkondo wa viwimbi vikubwa ukageuka ilhali vijiti havikuhama mahali pake. Antena ya setilaiti huelekeza mwale kwa njia hiyohiyo, ikifuata ishara inayorushwa kutoka katikati ya kituo cha kupokelea ardhini, na ishara hiyo ikikatika mawimbi hupoteza mpangilio na nguvu yake hutawanyika hadi ikawa hafifu mno. Hofu ya mwale kupotea njia na kuunguza mji ilijibiwa hapo.

Takwimu zilitoka kwenye usanifu wa setilaiti hizo uliofanywa na NASA na Wizara ya Nishati ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970: umeme wa gigawati 5, mawimbi ya gigahezi 2.45, wati 230 kwa mita ya mraba katikati ya mwale, ambazo ni kama robo ya jua kali la adhuhuri, na wati 10 ukingoni mwa uwanja wa kupokelea. Uwanja huo ulikuwa wa umbo la yai, kilomita 10 kwa 13, kwa kuwa mbali na ikweta mwale hutua kwa mshazari. Huku kwetu Maseno, inakopita ikweta, setilaiti ikiwa utosini ungetosha uwe duara, na hapo ukumbi mzima ulichangamka.

Viti vilikuwa vichache, na aliyeketi nyuma hakuliona beseni.

Kasoro kubwa ni mazingira. Suala la kupashwa joto kwa tabaka la ioni, yaani sehemu ya juu ya angahewa yenye chembe za umeme, lilielezwa vyema, lakini ndege walipewa sentensi moja, ilhali nyange wa mashamba ya mpunga ya Ahero hawajui mpaka wa uwanja uliozungushiwa ua, na anayeruka ndani ya mwale kwa muda mrefu huongezewa joto mwilini. Jaribio la Caltech, chuo kikuu cha Marekani, la mwaka 2023 lilithibitisha kwamba nishati inaweza kurushwa kutoka angani, ila kwa kiasi kidogo mno kuweza kujibu swali hilo. Ninamsihi mkufunzi alitengee kipindi kizima.