Gari lenu au basi: Mbeya hadi Dar kwa wastaafu

Likizo ikikaribia, wastaafu wenzangu hapa Mbeya huulizana: twende kwa wajukuu Dar na gari letu au tupande basi? Ni zaidi ya kilomita 800.

Kwa gharama, mkiwa wawili tu, basi linashinda. Mafuta pekee hupita nauli mbili. Mkijaza viti, hesabu zinakaribiana.

Uchovu ndio jambo zito. Mke wangu miguu humvimba akikaa muda mrefu. Kwa gari letu tunasimama Makambako anyooshe viungo, kisha tunalala Iringa. Basi halimsubiri mtu. Tena buti letu hubeba mchele wa Kyela, viazi na mkungu wa ndizi bila kubishana na kondakta. Lakini mlima wa Kitonga, mbele ya Iringa, nateremka kwa gia ndogo na breki bado zinanuka, na macho yangu ya miaka 67 hayawezi tena taa za malori. Usiku siendeshi kamwe.

Matunzo? Ya basi hayakuhusu. Gari linataka fundi akague tairi, breki na rejeta wiki moja kabla.

Macho yakiwa mazima na muda mnao, nendeni na gari. Dereva akiwa mmoja tu, naye ana presha, kateni tiketi.