Toroli la matairi mawili kwa stoo ya vinywaji, nimelitumia miezi nane

Sikutaka kuandika wiki ya kwanza maana kitu kipya kila mtu anakisifia, nikasema ngoja nikae nalo kwanza. Nafanya kazi duka la vinywaji lenye baa kwa nyuma, kwa hiyo siku nzima ni katoni, kreti na mapipa, na zamani tulikuwa tunabeba kwa mikono tu wote.

Jamani katoni ya wain ya chupa 12 ina kama kilo 15 hivi, mtu anaona ni mzigo mdogo, ila ukishusha 40 asubuhi moja hizo ni kilo 600 zimeshapita mgongoni mwako na duka hata halijafunguliwa. Pipa la bia la lita 50 likijaa linavuka kilo 60. Ule mwongozo wa HSE, wale wa usalama kazini Uingereza, unataja kilo 25 kwa mwanaume na 16 kwa mwanamke, tena hapo mzigo uko usawa wa kiwiko na umeukumbatia karibu na mwili, ukinyoosha mikono mbele zinashuka mpaka 15 na 10. Sasa pima mwenyewe hilo pipa.

Kabla ya toroli nilinunua ule mkanda mpana wa kufunga kiunoni. Usinunue kwa ajili ya kujikinga. NIOSH, wale watafiti wa usalama kazini wa Marekani, walishasema tangu 1994 hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unamkinga mtu ambaye hajawahi kuumia mgongo asiumie, na mimi nilichokiona ni kwamba nikiuvaa najiona niko imara nabeba katoni mbili pamoja, jioni kiuno kinawaka moto.

Toroli lenyewe sasa. Bamba la chini ni refu, kreti inakaa yote haining'inii, na hili ndilo la kuangalia kwanza dukani kwa sababu bamba likiwa fupi kreti inateleza unajikuta unaidaka kwa mkono na hapo ndo watu wanateguka. Vishikio viko viwili na vina kinga ya vidole, ukipita mlango mwembamba ngozi haichubuki kwenye fremu. Kulilaza ni kuweka mguu kwenye ekseli, kile chuma kinachounganisha matairi, halafu unarudi nyuma na uzito wako wote, mikono haivuti chochote. Ukishalilaza, sukuma usivute, na usipange kreti mpaka zikuzibe macho hata kama limeandikwa linabeba kilo 200, chuma kitabeba lakini kwenye kona anayelizuia ni wewe. Pipa lifunge mkanda kila safari, hata ya hatua tano.

Kasoro zipo. Matairi ni ya upepo, ukisahau kujaza linakuwa zito kweli na kuna wiki nzima tulilisukuma hivyo bila kujua, bega la mwenzangu ndo likatuambia. Na halina msaada wowote kwenye friji, zile rafu za chini bado unainama chupa moja moja, hapo nimeweka kigoda nakaa nikipanga, na mizigo mizito tumeihamishia rafu za usawa wa kiuno, juu tumeacha vitu vyepesi. Halafu kutoka kwenye toroli kwenda rafuni geuza miguu, usizungushe kiuno huku miguu imeganda, mimi maumivu yangu mengi yalitokea hapo hapo na sio kwenye kunyanyua.

Alama zangu kwa toroli hili ni nne kwa tano. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya ngazi, kulishusha na pipa ni hatari kabisa, pipa linataka kukutangulia. Stoo yako ikiwa chini ya ngazi tafuta lile lenye matairi matatu kila upande yanayozunguka kwa pamoja, na bado muwe wawili.