Cherehani ya mkono mrefu hapa Tabora: uzoefu wangu wa miezi 18

Kwa miaka tisa nilishona mablanketi ya viraka vya vitenge hapa Isevya kwa cherehani ya kukanyaga. Kuunganisha viraka hakukunisumbua. Kazi ilikuwa pale unapotaka kushika pamoja tabaka tatu: uso wa viraka, faiba ya katikati na kitambaa cha mgongoni. Blanketi la inchi 60 kwa 80 ulikunje, ulipenyeze kwenye nafasi ya inchi saba iliyopo kati ya sindano na shingo ya cherehani, halafu ulisukume kwa bega na kifua. Moja lilinila siku tatu, na siku ya nne mkono wa kulia haunyanyui ndoo.

Ndiyo maana niliuza ovaloki, cherehani mbili na kiwanja changu cha Ipuli, nikanunua cherehani ya mkono mrefu, ile ya kushonea tabaka za blanketi yenye nafasi kubwa kati ya sindano na shingo. Ni iliyotumika, iliyotoka Marekani. Bei siitaji kwa sababu mitumba ya mashine hizi haina bei moja. Naeleza nilichokiona, maana kila wiki kuna fundi anayepita dukani kuuliza.

Swali la kwanza huwa: je, inashona nguo? Hapana. Haina yale meno ya chini yanayovuta kitambaa. Hapa kitambaa kimetulia, kimevingirishwa kwenye mabomba ya fremu, na mashine ndiyo inayotembea juu ya reli huku umeshika mikono yake miwili kama mtu anayesukuma baiskeli. Aliyezoea kukanyaga na kuongoza kitambaa atachanganyikiwa wiki mbili za mwanzo. Mimi nilichanganyikiwa mwezi mzima. Shingo ya mashine yangu ina inchi 18 na fremu ina urefu wa futi 10, kwa hiyo sebule sina tena.

Umeme nauzungumzia mapema kwa sababu ulinigharimu. Mashine ya soko la Marekani inataka volti 120, na sisi tunatumia 230. Aliyeniuzia alisema chomeka tu. Kwa bahati nilianza na kile kimota cha pembeni cha kujazia bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini. Kilitoa moshi kabla bobini haijafika nusu. Kaka mmoja fundi umeme alikuja, akasoma kibati nyuma ya mashine, akaniambia, "Dada, ungeiwasha hii mashine yenyewe leo ungelia." Nilinunua transfoma ya kushusha volti na stebilaiza. Jueni pia kwamba transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde: kule ni 60, kwetu 50. Mashine yangu inaendeshwa kielektroniki na haijalalamika, ila soma kibati kwanza kabla hujatoa hela. Umeme ukikatika katikati ya mstari, zungusha gurudumu kwa mkono sindano itoke juu, weka alama ya chaki pale ulipoishia, usisogeze kitu.

Sakafu nayo ina neno lake. Fremu ikiinama hata kidogo, mashine inateremka yenyewe kuelekea kona, na ua unalochora linavutika upande mmoja. Niliazima pima maji kwa fundi ujenzi, tukaweka vibao chini ya miguu miwili. Napima upya kila baada ya miezi michache, maana sakafu za nyumba zetu zinashuka.

Vumbi la Tabora la kiangazi, kuanzia Julai mpaka mvua zirudi, ndilo adui mkubwa wa mashine hii. Inayo mfumo wa kusawazisha mshono: vigurudumu vidogo vinahesabu umeitembeza kiasi gani, na sindano inapiga kulingana na mwendo wako, ili mishono ibaki kama 10 kwa kila inchi iwe unakwenda haraka au polepole. Ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote. Lakini kigurudumu kikizungukwa na uzi au vumbi, au kisipogusa reli sawasawa, hesabu inaharibika. Dalili yake ni hii: ukienda kushoto na kulia mishono mizuri, ukienda mbele na nyuma inakuwa mirefu. Usiguse mkazo wa uzi. Kagua kigurudumu cha upande ule unaosumbua. Mimi nafuta reli kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, na kila ninapobadili bobini napiga brashi kwenye kulabu ya chini na kudondosha tone moja la mafuta.

Sasa mkazo wa uzi. Naona watu wengi wanailaumu mashine kwa makosa ya mkazo, na mimi nililaumu hivyohivyo miezi mitatu. Anza chini, kwenye bobini, si juu. Weka boksi la bobini kwenye kiganja, vuta uzi wake kwenda juu. Boksi linatakiwa lisimame wima bila kuondoka kiganjani. Likilala tu, uzi umelegea. Likinyanyuka lote, umekaza mno. Kaskrubu kake kazungushe kidogo sana, kama mkono wa saa unavyosogea dakika tano, kisha jaribu tena. Chini kukiwa sawa ndipo uhamie uzi wa juu. Ukiona vidoti vya uzi wa chini vinachungulia usoni mwa blanketi, uzi wa juu umekazwa mno. Ukigeuza mgongoni ukakuta uzi umelala umenyooka kama kamba, na ukiuvuta unatoka wote, ule wa juu umelegea. Na ukiona kwenye kona za mviringo tu uzi umeegemea upande mmoja kama kope za jicho, punguza mwendo kwenye kona. Mikono inakimbia, sindano inapinda.

Kila rangi ya uzi ina tabia yake, hata kampuni ikiwa moja. Uzi mweusi wa koni ninaonunua sokoni ni mnene kuliko mweupe. Kwa hiyo nikibadili koni nashona kwanza kwenye ukingo wa faiba, pale patakapokatwa, kisha nachungulia mgongoni kwa tochi ya simu. Nikiruka hatua hiyo nafumua, na kufumua mistari ya mashine hii si kazi ya saa moja.

Sindano ndiyo shida ya kweli kwetu huku. Hizi za nyumbani zenye upande bapa haziingii; shina lake ni la mviringo. Natumia zinazoitwa MR, 3.5 kwa vitenge vyepesi na 4.0 kwa vizito, sawa na namba 16 na 18 tulizozizoea. Tabora sijaziona dukani, naagiza boksi zima. Kwa kuwa shina ni mviringo ni rahisi kuiweka imegeuka kidogo, na hapo uzi utakatika kila dakika. Hakikisha tundu linakutazama wewe.

Kitambaa cha mgongoni lazima kizidi uso kwa inchi 4 kila upande, maana kinafungwa kwenye mabomba na kushikwa na vibanio pembeni. Blanketi la 60 kwa 80 linataka mgongo wa 68 kwa 88. Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, kwa hiyo kata vipande viwili vya inchi 68, viunge ubavu kwa ubavu kwenye pande za inchi 68, upate karibu 90. Ni kama yadi 4 katika pisi ya yadi 6, na kinachobaki kinatosha pindo za ukingoni. Pima kitenge chako kwanza, vingine ni vyembamba. Pembe ziwe mraba kabisa. Mwaka jana nilipakia mgongo uliokatwa mshazari, blanketi la harusi, na nilipolishusha nikakuta mkunjo wa inchi mbili umeshonewa ndani. Nilimrudishia mteja pesa zake na blanketi nikalifumua kwa siku mbili.

Bibi mmoja wa Kwihara aliniambia, "Mwanangu, mgongoni niwekee marekani." Nilifurahi sana. Ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho misafara ya karne ya 19 ilikileta Unyanyembe, eneo letu hili la Tabora, kutoka pwani, na kwa mashine hii kinatulia kuliko kitenge kipya chenye nta. Kifue kwanza, maana kikifuliwa kinapungua ukubwa. Vitenge vyekundu navyo vifue, kisha visugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa uone kama vinatoa rangi.

Malipo nahesabu kwa inchi ya mraba, kama wanavyofanya wenzetu wa Marekani. Ninatoza shilingi 8 kwa mchoro mwepesi. Blanketi la 60 kwa 80 ni inchi 4,800, yaani shilingi 38,400, mbali na uzi na faiba. Linaniondokea ndani ya saa nne, kupakia kukiwemo. Ukiniletea uso ambao pindo zake zina mawimbi naongeza, kwa sababu mawimbi yale nayabana kwa pini moja moja na mashine haiwezi kuyaficha.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, bila kusita, kwa ajili ya bega hili. Lakini kama unashona mablanketi mawili kwa mwezi, baki na kiwanja chako, uniletee niyashone hapa. Njoo tu uso ukiwa umepigwa pasi, nyuzi zimekatwa, na mgongo umezidi zile inchi 4.